Wadudu kwenye pamu za ndani: geuza jani kwanza, dawa baadaye

Hili swali naulizwa sana na watu wenye pamu sebuleni, hasa areka, ile ya asili ya Madagaska yenye mashina ya njano njano ambayo sasa hivi hapa Dar unaikuta maofisini, saluni, kila mahali. Majani yanapauka, yana vidoa vidogo vidogo, nipulizie dawa gani? Mi jibu langu ni kwamba usipulizie kitu chochote kwanza, geuza jani uangalie kwa chini.

Weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge gonge, subiri kidogo. Ukiona vidoti vinatembea, vidogo kama ncha ya sindano, huo ni utitiri. Ukishazidi unafuma utando mwembamba pale jani linapoungana na ubua, hapo ujue umekaa siku nyingi. Sasa utitiri una miguu minane, ni ukoo wa buibui na kupe, ndo maana dawa nyingi za wadudu hata haziugusi, na nyingine zinaua wale wadudu wazuri wanaoula halafu wenyewe unabaki unazaana bila shida. Na ile dawa ya mbu ya kopo, jamani, naomba sana msiipulizie kwenye maua, inaunguza majani.

Utitiri unapenda joto na hewa kavu, kwa hiyo pamu iliyokaa pale pale AC inapopuliza kutwa nzima ndo inashambuliwa kwanza, na kwenye joto kama letu yai linaweza kuwa utitiri mkubwa ndani ya wiki moja hivi, yaani ukichelewa kidogo tu jani zima limegeuka rangi. Isogeze mbali na AC, halafu ipeleke bafuni au uani, funika udongo na kipande cha kiroba usije ukalowa sana, uoshe majani kwa maji ya kupulizia yenye nguvu kidogo, ukianzia chini kwenda juu maana wenyewe wako upande wa chini. Hiyo peke yake inaondoa wengi sana, na watu hawaamini kwa sababu wamezoea kwamba tiba lazima inunuliwe.

Waliobaki wapige na sabuni. Lita moja ya maji, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo na bleachi, na ukipata mafuta ya mwarobaini ongeza kijiko kimoja cha chai, tikisa vizuri kwa sababu mafuta yanapenda kuelea. Jaribu kwenye jani moja kwanza uone kesho yake likoje. Pulizia jioni, usipulizie mmea ukiwa juani, utaunguza. Sabuni inaua yule tu iliyemgusa na mayai yanabaki, kwa hiyo rudia kila baada ya siku tano mpaka saba, mara tatu au nne. Hapa ndo wengi wanaposhindwa, wanapiga mara moja wanaona afadhali wanaacha, baada ya muda wanarudi kulalamika kwamba mwarobaini haufanyi kazi.

Ukiona sisimizi wanapanda kwenye poti usihangaike nao wao tu. Wamefuata utamu unaotolewa na vidung'ata, wale weupe wenye unga wa nta wanaojificha pale ubua unaposhika shina, au wadudu gamba, wale wa kahawia waliojibandika hawatembei. Utaona pia jani linanata na baadaye linashika ukungu mweusi. Hawa chukua pamba, lowesha spiriti ya duka la dawa, wafute mmoja mmoja, magamba yabandue kwa ukucha au mswaki wa zamani. Ni kazi ya kuchosha lakini inalipa. Sisimizi nao wazuie, kwa sababu wanawalinda hao wadudu dhidi ya maadui zao.

Kitu kingine, ncha za majani kuwa kahawia mara nyingi sio wadudu kabisa, ni chumvi, na visima vingi vya hapa mjini maji yake yana chumvi. Ukiweza mwagilia maji ya mvua. Kata ncha iliyokauka tu, usiguse kile kichipukizi cha katikati, pamu shina lake likishapoteza kichipukizi halitoi kingine, hilo shina limekufa. Na vidoa vya zamani havifutiki hata wadudu wakiisha, we pima maendeleo kwa majani mapya.

Ukinunua pamu mpya kwa wauza maua wa barabarani, itenge wiki mbili hivi mbali na zingine na uikague ile chini ya majani kila baada ya siku chache, hata kama muuzaji amekuapia kwamba iko safi.