Kumwombea babu Misa, ni kuabudu mizimu?

SWALI: Shikamoo Padre, Tumsifu Yesu Kristo. Babu yetu alikuwa katekista wa kigango huku upande wa Nyangao, mkoani Lindi. Alituamsha kusali rozari, na hakununua korosho za mtu kwa kangomba, yaani kwa bei ya kutupa kwa kuwa mwenyewe ana shida, hata mwaka wa njaa. Alifariki Mei 2024, barabara ilipokatika pale Somanga. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, akazikwa sijafika. Sasa tunataka kumwombea Misa na kuandika maisha yake tuwasomee watoto. Baba mdogo, ambaye ameokoka na kuhama Kanisa, anasema tunaabudu mizimu, na kwamba kumwombea marehemu ni kusema damu ya Yesu haikutosha. Bibi analia. Tufanyeje?

JIBU: Milele amina, mwanangu. Marahaba, na pole sana. Kukosa kumtupia udongo aliyekulea ni jambo linalouma muda mrefu, lakini maji yalikata njia, si wewe uliyemkimbia. Usijihukumu.

Misa mwombeeni. Ningeishia hapo, lakini maneno ya baba yako mdogo nayasikia misibani kila mara, na yanawaliza wajane wasio na wa kuwajibia.

Anasema mizimu. Mzimu huombwa. Mtu anapeleka unga chini ya mti, anaomba mvua, anaomba mtoto, na anaogopa usipopewa utakasirika. Ninyi mnakwenda altareni kumwomba Mungu amhurumie babu, amsamehe alipokosa. Nani aliwahi kumwombea mungu wake asamehewe dhambi? Kumwombea marehemu ni kukiri kwamba alikuwa mtu, mwenye dhambi kama sisi, anayeitegemea huruma ya Mungu. Sala hiyo ndiyo inayoizuia kumbukumbu ya mzee isigeuke kuwa mzimu.

Anasema damu ya Yesu haikutosha. Mbona kanisani kwake wanawaombea wagonjwa na waliopotea? Nao wanasema haikutosha? Paulo anafundisha kwamba mpatanishi ni mmoja, Kristo Yesu, katika sura ileile anayoagiza sala kwa ajili ya watu wote (1 Tim 2). Kuombeana hakuongezi kitu juu ya msalaba; nguvu yote ya sala inatoka hapohapo msalabani. Na katika 2 Timotheo 1:18 Paulo anamwombea Onesiforo apate rehema siku ile, na wafafanuzi wengi wanaona alikuwa amekwisha kufa.

Atakutajia Waebrania 9:27, kwamba mtu hufa mara moja kisha hukumu. Kweli kabisa, na sisi hatuombi hukumu ibatilishwe. Aliyekufa katika urafiki wa Mungu lakini bado hajatakata, huyo anatakaswa, na huyo ndiye tunayemsaidia kwa sala.

Vitabu vya Wamakabayo, vilivyomo katika Biblia yetu Wakatoliki, atakwambia havimo katika yake. Basi avisome walau kama historia, aone Wayahudi walifanya nini kabla ya Kristo. Katika sura ya 12 ya kitabu cha pili, askari waliouawa wanakutwa na hirizi za miungu ya kigeni chini ya nguo zao. Hirizi, mwanangu, jambo tunalolijua sana. Yuda Makabayo, kiongozi wao, hakuwatupa. Alichanga fedha, drakma 2,000 hivi, akapeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi zao. Naye Mtakatifu Monika, akiwa mgonjwa Ostia, karibu na Roma, mwaka 387, aliwaambia wanawe wamzike popote, ila wamkumbuke altareni. Mwanawe Augustino hakuona upagani hapo.

Sasa hayo maandishi, ambayo mimi nayaona makubwa kuliko ugomvi huu. Nenda nyumbani ukakae na bibi, yeye asimulie, wewe uandike. Andika habari ya kangomba kwa kirefu: nani alikuja na shida, babu alimjibu nini. Andika Jumapili ambazo padre hakufika naye akaongoza ibada ya Neno, na watoto aliowafundisha hadi Komunyo ya kwanza. Ukoo wa huku Kusini usio na Waislamu ni nadra. Kama wenu nao una wajomba na mashemeji Waislamu, waulizeni, maana wao walimwona mzee kwa jicho jingine. Na kama alikuwa mkali kwa wanawe, andika pia. Msimtangaze mtakatifu, hiyo si kazi ya familia. Mkificha makosa yake, watoto hawatajua wanamwombea nini.

Jambo moja linanikera: Misa za kumbukumbu zenye sare za vitenge, muziki wa kukodi, na michango ya kumlazimisha mjane kuuza korosho zake. Nendeni ofisi ya parokia, mwandikishe nia ya Misa, mlete mlichonacho. Kama babu ameacha deni, lilipwe kwanza. Kama mikorosho yake inagombaniwa, kaeni mpatane kabla ya siku ya Misa.

Baba mdogo mwalikeni, naye ni mtoto wa marehemu. Asipotaka kuingia kanisani, aje nyumbani, na mumpe nafasi ya kumsimulia baba yake. Wewe uandike na ya kwake. Msibishane naye mbele ya bibi.