Usimpe hela huyo jamaa wa PS4 zenye gemu 14 ndani

Mkuu, simama hapo hapo. Unataka kufungua banda la gemu, umeuliza uchukue PS3 au PS4 (zile mashine za gemu za PlayStation), TV inchi ngapi, mechi utoze shilingi ngapi, na leseni ya biashara inakuwaje huko Moshi. Mimi macho yameganda kwenye sentensi uliyoipitisha haraka: Jumamosi unapanda Arusha kuchukua PS4 mbili zilizotumika, "zina gemu 14 ndani, CD hazihitajiki". Maneno hayo hayo yalinila milioni moja na laki moja.

Ilikuwa Novemba. Banda nimeshapata Ngarenaro, hapa Arusha, mabenchi yamechongwa, nawahi Desemba shule zikifungwa. Jamaa akanionyesha PS4 mbili, laki tano na nusu kila moja. Akawasha, gemu zimejipanga kwenye kioo: mpira, mieleka, magari, za kupigana. Tukacheza mechi mbili pale pale kwake. Nikamuuliza CD ziko wapi. Akasema, "Ndugu yangu, CD zinachubuka, watoto wataziharibu. Hizi ziko ndani, ni zako milele." Nikaona aibu kuuliza zaidi. Wengi tunapigiwa hapo. Mtu akishakuita ndugu yangu na kukununulia soda, swali la pili linakwama kooni, unaona kama unamtukana.

Na fundi simu niliyekwenda naye, nikamlipa elfu ishirini anikagulie, alipuliza vumbi kwenye feni, akachomeka waya wa TV, akasema mzigo safi. Hakuuliza akaunti ya PlayStation iliyomo ndani ni ya nani. Huyo bado simsamehe.

Wiki tatu hela iliingia, jero kila mechi. Halafu vijana wakaanza kulalamika kwamba vikosi ni vya zamani, wanataka wachezaji waliosajiliwa juzi. Nikawasha hotspoti ya simu, nikaunganisha mashine. Mtoto mmoja amesimama ubavuni kwangu, sarafu ya mia tano imeloa jasho kiganjani, anasubiri zamu yake. Pembeni ya gemu ya mpira pakatokea alama ndogo ya kufuli. Nikaenda kwenye mieleka, kufuli. Magari, kufuli. Nikazima, nikawasha, yale yale. Nikadhani ni hitilafu ya mashine, nikaunganisha na ile ya pili nipime. Nayo ikajifunga yote. Yule mtoto akaniuliza, "Bro, sasa hela yangu niiweke?"

Nikampigia muuzaji. Unajua alinijibu nini? "Nani alikwambia uunganishe intaneti?" PS4 imetoka tangu 2013, imetengenezwa iingie mtandaoni, leo kuiunganisha ni kosa la mnunuzi! Akakata simu, na namba haijapatikana tena.

Sikiliza inavyofanya kazi, kwa sababu hili hakuna aliyenieleza. Gemu ya kupakua ni mali ya akaunti iliyoinunua, hata kama mafaili yake yamo ndani ya mashine yako. Mwenye akaunti anachagua PS4 moja kuwa mashine yake kuu, na yeyote anayeitumia mashine hiyo anacheza gemu zake, hata bila intaneti. Ndiyo maana kwa muuzaji kila kitu kinafunguka. Lakini akaunti moja ina PS4 kuu moja tu. Siku akiiondoa yako na kuiweka ya mteja mwingine, yako inaweza kuendelea kucheza kwa sababu haijapata habari. Ikigusa intaneti tu, inaambiwa haki hiyo haipo tena.

Kwa hiyo gemu usiyoweza kuishika mkononi usiihesabu kwenye bei. Mwambie afute akaunti zake zote kwenye mashine mbele yako, fungua akaunti yako mpya, unganisha hotspoti yako mwenyewe, ndipo ujaribu gemu moja moja. Zitakazofunguka hapo ndizo unazonunua. CD inacheza kwenye akaunti yoyote, ila kila mashine inahitaji CD yake, na uhakikishe mashine inaimeza na kuisoma, maana za kutumika nyingi zimechoka hapo.

Na ile hadithi ya watoto kuchubua CD ni uongo mtupu. Sasa nina mashine mbili na CD mbili za mpira. Asubuhi naziingiza mwenyewe, zinakaa humo mpaka nafunga banda. Hakuna mtoto aliyewahi kuzigusa.

TV inchi 32 inatosha, wachezaji wanakaa karibu. Chukua PS4. Hayo mengine watakujibu wa Moshi.

Wewe usingoje Jumamosi ukishapanda basi. Mpigie leo, muulize hizo gemu 14 zimenunuliwa kwa akaunti ya nani, na kama yuko tayari kuifuta mbele yako kabla hujahesabu hela.