Maswali ya Wasomaji: Njia ya Baiskeli Ianzie Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi baiskeli katika eneo la Ngamiani, jijini Tanga. Mkutano wa mtaa umetutaka tupendekeze namna ya kuwaboreshea njia waendesha baiskeli. Wengi wanataka ichorwe njia ndefu kandokando ya barabara kubwa, kutoka mjini hadi Kange. Wengine, nikiwemo mimi, tunahofu kwamba fedha zitakwisha kabla njia haijafika popote. Je, tuanzie wapi, na tumpelekee nani mapendekezo yetu? (Fundi, Ngamiani)

JIBU: Ndugu Fundi, hofu yako ina msingi, na wala haihusu fedha peke yake. Rangi ni rahisi kuchorwa na ni rahisi kuvamiwa. Njia iliyotengwa kwa mstari mweupe tu, asubuhi huwa kijiwe cha bajaji na jioni huwa meza ya muuza mihogo, na mwendesha baiskeli akishakutana na vizuizi vitatu mfululizo hurudi katikati ya barabara. Kule Dar es Salaam, barabara ya mabasi yaendayo haraka iliyoanza kutumika mwaka 2016 ilijengewa njia za baiskeli pembeni mwa Barabara ya Morogoro. Hata hivyo, penye biashara nyingi njia hizo hutumiwa zaidi na wachuuzi, waenda kwa miguu na bodaboda.

Kabla hamjapendekeza hata mita moja, hesabuni. Chagueni makutano manne au matano, wakae vijana wawili wawili wenye daftari kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3, kisha saa 10 jioni hadi saa 1 usiku. Waandike wamepita wangapi, wakitenganisha wanaume, wanawake na wanafunzi, na waandike pia ni nani kapakia mzigo. La muhimu zaidi, waandike ni wapi mtu anashuka na kuikokota baiskeli, na ni wapi anapita upande usio wake. Watu hupenda kuwalaumu wanaopita upande usio wao, lakini mara nyingi mtu huyo anawaonyesha mahali ambapo kuvuka barabara kumekuwa kugumu, akaona heri aende kinyume mita mia mbili kuliko kuvuka mara mbili.

Mtazame mchuuzi anayetoka soko la samaki la Deep Sea na tenga lake kwenye keria. Usukani wa baiskeli una upana wa takribani sentimita 60, lakini tenga limetokeza huku na huku, na mpandaji mwenye mzigo huyumba anapoanza kunyonga. Kwa hiyo anahitaji mita 1 nzima ili apite salama. Njia ya mita 1.5 humtosha akiwa peke yake, ila mwanafunzi aliye nyuma yake hawezi kumpita. Ombeni mita 2 kwa njia ya upande mmoja. Pale ambapo njia inaishia kwenye ukingo wa zege usio na mteremko, mchuuzi huyo atalazimika kushuka na kuinua kilo zote za samaki kwa mikono. Kesho yake hatapita hapo. Ukingo mmoja wa namna hiyo unaweza kuharibu kazi ya kilomita nzima, na kuusawazisha ni kazi ya siku moja kwa fundi mwashi.

Ajali nyingi huwa kwenye makutano, na huko ndiko ningetumia shilingi ya kwanza. Mahali ambapo barabara ya mtaa inaingia barabara kubwa, njia ya baiskeli ipite juu ya tuta pana lililo sawa na kimo chake, ili gari ndilo lipande na kupunguza mwendo. Kona ikazwe, kwa kuwa kona iliyolegea humruhusu dereva kukunja bila kukanyaga breki. Katikati ya barabara pana pawekwe kisiwa cha kusubiri kisichopungua mita 2, maana baiskeli ina urefu wa karibu mita 1.8, na kisiwa chembamba kuliko hapo huliacha gurudumu la nyuma likining'inia mbele ya malori. Mwendo wenyewe una hesabu yake: kwenye lami kavu, dereva anayechukua sekunde moja kuzinduka, akiwa katika kilomita 50 kwa saa, husimama baada ya mita 28 hivi, lakini akiwa katika kilomita 30 husimama baada ya mita 13. Kati ya mita 13 na 28 ndipo mtoto wa shule anapovuka.

Ngamiani mna bahati ambayo miji mingi haina. Ardhi ni tambarare, na barabara zenu, zile zinazoitwa kwa namba, zimenyooka sambamba. Mwaka 1977 mji wa Groningen, Uholanzi, ambao una watu wachache kuliko Tanga ya leo, uligawa eneo lake la katikati katika sehemu nne. Gari lililotaka kutoka sehemu moja kwenda nyingine lililazimika kwanza kutoka hadi barabara ya kuzunguka, wakati baiskeli ilikata moja kwa moja. Nanyi mnaweza kuchagua barabara mbili tatu za Ngamiani, magari ya wenyeji na ya mizigo yakaendelea kuingia, ila kwenye makutano machache zikawekwa nguzo ili gari lisiweze kupenya hadi mwisho. Gharama yake ni nguzo na zege kidogo. Nguzo zikiachana kwa mita 1.2, bajaji haipiti na kiti cha magurudumu kinapita. Bodaboda atapita, nisikudanganye: hakuna nguzo inayoruhusu baiskeli ikazuia pikipiki. Huyo huzuiwa na makubaliano ya vijiwe na uangalizi wa wenyewe kwa wenyewe.

Jambo moja dogo lisisahauliwe, nalo nalitaja kwa uchungu wa goti langu mwenyewe. Zamani, katika mji ambao sitautaja, gurudumu langu la mbele lilizama kwenye kifuniko cha mtaro ambacho nondo zake zililala kufuata barabara. Nondo zikatishe njia, wala zisiielekee. Halafu uso wa njia uwe laini angalau sawa na lami iliyo jirani. Wewe fundi unajua matofali yaliyozama yanavyopinda ringi na kukata spoku, na mpandaji naye anajua.

Kuhusu mahali pa kupeleka mapendekezo, angalieni kwanza barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Njia ya kwenda Kange inafuata barabara kuu, hivyo itahusu TANROADS. Nguzo za Ngamiani zitahusu TARURA. Mapendekezo yapite mkutano wa mtaa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani akiwepo, na yafike mapema, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na bajeti huandaliwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Ambatisheni zile hesabu za daftari.

SWALI: Kila mwenye hela siku hizi ananunua pikipiki. Njia hizo si zitabaki tupu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kwa safari ndefu au ya mlima, pikipiki imeshashinda. Hata jina la bodaboda lilianza na baiskeli zilizovusha watu mpakani mwa Kenya na Uganda, kabla pikipiki hazijalichukua. Lakini mwanafunzi hana leseni, na mama anayekwenda sokoni kilomita 2 hana sababu ya kununua petroli. Mji wa Sevilla, Hispania, ulikuwa na waendesha baiskeli wachache sana hadi katikati ya miaka ya 2000. Ulipojenga karibu kilomita 80 za njia zilizotengwa na kuunganishwa kwa mkupuo mmoja, watu walijitokeza kwa wingi ndani ya miaka michache. Njia ya vipandevipande ndiyo hubaki tupu.

SWALI: Nauza vitunguu soko la Mgandini. Wateja wenye baiskeli hawana pa kuziacha. Tuwaombe nini wahusika wa soko? (Mama Muuza Vitunguu, Tanga)

JIBU: Mama, ombeni nafasi ya gari moja tu, mita 5 kwa 2.5. Mabomba matano yaliyokunjwa kama mlango, yakiachana kwa mita 1, hushika baiskeli kumi, fremu na gurudumu vikafungwa pamoja. Yawe mahali ambapo wauzaji wanayaona wakiwa wamekaa, na miguu yake izamishwe ndani ya zege, kwa kuwa bomba lililofungwa kwa bolti huondoka pamoja na baiskeli.