Tumwondolee mgonjwa wa moyo hofu ya swala zake

Mheshimiwa Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza ni faraja gani ya kiroho inayomfaa Mwislamu mwenye maradhi ya moyo aliyelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Jibu langu ni kwamba, kabla ya kusomewa chochote, mgonjwa huyo aondolewe hofu juu ya swala yake, kwa kuwa wengi, hasa wazee waliodumu na swala tangu ujanani, huumia zaidi kwa kudhani kwamba wamekatikiwa na Mola wao kuliko wanavyoumia kwa ugonjwa wenyewe.

Mzee wangu alipotolewa mpira wa kupumulia kooni, neno la kwanza alilolitamka, kwa sauti iliyokauka, lilikuwa kuuliza swala zake. Mkono mmoja ulikuwa umebanwa plasta juu ya sindano ya dripu, kifua kimejaa nyaya za mashine, na kitanda hakikuelekea kibla. Hakuna aliyekuwa amemkumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) alimwambia swahaba wake Imran bin Huswain, aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kusimama, akishindwa aswali kwa kukaa, na akishindwa aswali kwa ubavu. Asiyeweza kurukuu na kusujudu huashiria kwa kichwa. Asiyeweza kutumia maji hutayamamu, yaani hujipangusa uso na mikono kwa udongo safi badala ya kutawadha. Na asiyeweza kugeuzwa huswali alikoelekea. Ama swala zilizompita akiwa hana fahamu, hukumu yake aulizwe mwanachuoni baadaye, wala asisumbuliwe nayo kitandani. Tulipomweleza hayo taratibu, alifumba macho, akainua kidole kwa takbiri, na midomo yake ikaanza kucheza.

Ipo pia hadithi ya swahaba Abu Musa al-Ash'ari, aliyoipokea Imamu Bukhari katika mkusanyo wake wa hadithi, ambayo natamani kila mwenye mgonjwa aihifadhi: mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda akiwa mzima na mkazi. Mtu aliyezoea kuamka usiku kuswali, na sasa hawezi hata kujigeuza, akiisikia hadithi hiyo hutambua kwamba daftari lake halijafungwa.

Sisi wenye kuzuru nasi tuna sehemu yetu, na hapa nasema kwa uchungu. Wapo wanaoingia wakilia, wakamsomea Yasin kwa sauti ya msibani mtu mwenye fahamu zake timamu, naye akaelewa kwamba anaagwa. Hofu ikimshika, moyo ulio dhaifu huenda mbio, na namba kwenye skrini ya mashine hupanda mbele ya macho yetu. Sipingi kamwe kumsomea mgonjwa Qurani, bali napinga kumkatisha tamaa. Mtume (s.a.w.) alipomzuru mgonjwa alimwambia kwamba hapana ubaya, ni utakaso inshallah, na katika hadithi ya mkewe Umm Salama ametuamuru tuseme ya kheri mbele ya mgonjwa, kwa sababu malaika huitikia amina kwa tunayoyasema.

Basi tukiruhusiwa kuingia, tunawe mikono, tumsogelee sikioni, na kwa sauti ya chini tumwombe Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola wa Arshi tukufu, amponye, mara 7 kama ilivyopokewa, hata kama amelazwa usingizi kwa dawa, maana huenda anasikia. Tusimshawishi kuacha dawa kwa ajili ya kisomo, kwani Mtume mwenyewe ameamuru watu wajitibu. Na muuguzi akisema muda umekwisha, tutoke bila kubishana naye, dua tukaiendeleze nje.