Maswali yenu kuhusu utafiti wa vijijini: pamba, dagaa na ardhi

Niko mwaka wa tatu chuoni hapa Nyegezi, Mwanza, msimamizi kaniambia niandike kuhusu siasa za vijijini na mabadiliko ya kilimo. Naanzia wapi?

Mdogo wangu, usikimbilie dodoso. Anza na kaya moja ukae nayo hata wiki. Kuna msomi anaitwa Henry Bernstein, yeye anasema ukifika kijijini jiulize maswali manne: nani anamiliki nini, nani anafanya nini, nani anapata nini, na akishapata anakifanyia nini. Yanaonekana mepesi ila ukiyashika vizuri utaona hakuna kitu kinaitwa "mkulima wa Kwimba" tu basi, maana kuna mwenye maksai na plau analimia wenzake kwa hela, jirani yake ana shamba ila mbegu na dawa kakopa, kijana wake yuko mjini anaendesha bodaboda anatuma hela ya palizi, na mama mwenye nyumba ndo anainama kwenye pamba kuanzia asubuhi halafu malipo yakija hayapiti mkononi mwake. Wote ukiwauliza kazi yao watakwambia mkulima. Hapo ndo pa kuandikia.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba, Magu. Mbona watafiti kila wakija wanauliza ushirika wa zamani wakati shida zetu ni za leo?

Kaka nakuelewa, na mimi ningechoka. Ila shida ya leo mizizi yake iko kule. Enzi za mkoloni wakulima wa huku walikuwa wanapunjwa kwenye mizani za wanunuzi, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakikisha kilo, kwenye hayo hayo ndo vyama vikaota, mpaka 1955 vikaungana vikawa VFCU, yaani shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, Paul Bomani ndo akiwa kinara, na ukawa moja ya ushirika mkubwa kabisa Afrika. Siasa za kudai uhuru Usukumani huwezi kuzitenganisha na gunia la pamba. Halafu 1968 ukaja ushirika wa Nyanza kuchukua nafasi ya VFCU, 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vyote, 1982 sheria ikavirudisha, miaka ya 90 katikati soko likaachiwa wanunuzi binafsi, na leo tunauzia AMCOS, vile vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima. Babako kama amelima muda wote huo ameshabadilishiwa mnunuzi mara ngapi, na ni mara ngapi aliulizwa kwanza?

Niliwahi kukaa na mzee mmoja chini ya mwembe, akafunga kamba kwenye tawi, akaning'iniza kiroba cha mahindi, akanionyesha mpimaji alivyokuwa anaingiza goti chini ya gunia taratibu, kilo zinapungua na wewe uko upande wa pili huoni kitu. Alirudia mara tatu mpaka nikaliona hilo goti. Halafu akaniuliza, hii mizani ya siku hizi yenye namba, goti lake liko wapi? Swali lile nimeshaliandikia kurasa nyingi na bado sijalimaliza.

Kisukuma changu kibovu, nitaweza?

"Mwangaluka", salamu yao ya asubuhi, itakufungulia mlango, lakini mambo ya madeni na mirathi watu wanayasema kwa lugha ya nyumbani. Tafuta mwenyeji msaidiane, umlipe, na jina lake uliweke kwenye shukrani kama anakubali.

Sisi wa Ukerewe tunavua, hatulimi. Haya mambo yanatuhusu?

Yanawahusu sana dada, tena nashangaa wanafunzi wanavyopita mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, kama hawaoni. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 50 na 60, miaka ya 90 viwanda vya minofu vikajaa Mwanza, na watu waliokuwa wanalima na kuvua kidogo kidogo wakageuka vibarua kwenye mtumbwi wa tajiri. Ni mabadiliko yale yale ya shambani, tofauti ni kwamba hapa kinachomilikiwa ni mtumbwi, injini na nyavu. Angalia dagaa. Wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikija kambi inalala, sasa siku zile za mwezi mama anayeanika anakula nini? Anakopa kwa tajiri yule yule atakayemuuzia ndoo giza likirudi, na bei anapanga tajiri. Mvua ikinyesha dagaa wako mchangani hasara ni ya mama peke yake.

Sengerema. Tunaambiwa eneo la malisho limeshapewa mwekezaji, mwenyekiti anasema "limepita". Tafiti zinatusaidia nini?

Tume ya Rais ya kuchunguza mambo ya ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji, ilizunguka nchi 1991 na 1992 ikisikiliza malalamiko kama haya haya, ikapendekeza mkutano mkuu wa kijiji ndo uwe na nguvu juu ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, haikufika huko kote, na mimi naona tulipoteza kitu kikubwa pale, ila ilibakisha silaha: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia kwanza, na ardhi ya kijiji ikitaka kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani itoke mikononi mwa kijiji iwe chini ya serikali kuu, isipozidi hekta 250 mkutano huo huo ndo unakubali au unakataa. Zaidi ya hapo anaamua Waziri baada ya kijiji kuijadili. Kwa hiyo neno "limepita" halitoshi, limepita wapi? Nendeni kwa mtendaji mkiwa wengi, ombeni muhtasari wa mkutano huo na orodha ya waliohudhuria, someni majina moja moja kwa sauti. Fanyeni hivyo mwezi huu, kabla trekta halijaingia.