Shangazi, mume wangu anasema mtoto huyu ana damu mbaya

Msomaji wetu wa Igoma, Mwanza, anaandika kwamba tangu Januari anamlea mtoto wa marehemu mdogo wake, mvulana wa miaka minne, ambaye tangu uchanga wake alilelewa na huyu na yule katika makambi ya wavuvi visiwani Ukerewe. Mtoto huficha ugali na dagaa chini ya godoro, akianguka halii, mlango ukibamizwa hukimbilia uvunguni, na mgeni yeyote akimwita humfuata bila kugeuka nyuma. Majirani wanashauri fimbo. Mumewe anasema hiyo ni damu ya baba yake, na anataka apelekwe shule ya bweni akanyooke. Anauliza: “Je, Shangazi, nimechelewa?”

Mwanangu, hujachelewa, ingawa sitakudanganya kwamba miaka ile itafutika.

Nianze na ule ugali wa chini ya godoro, kwa sababu ndio unaoeleza mengine yote. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka kazi husimama, watu hutawanyika, na mtoto asiye na mtu wake hula pale tu anapokumbukwa. Hakuna aliyemfundisha wizi. Alijifunza mwenyewe kwamba kushiba leo si dhamana ya kesho, na alijifunza hayo katika umri ambao ubongo hukua kwa kasi isiyorudi tena: mtoto huzaliwa na ubongo wenye takriban robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima, na afikapo miaka miwili umekaribia robo tatu.

Ndani ya ubongo huo, sehemu inayonusa hatari, iitwayo amigdala, huanza kazi mapema sana, ilhali sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayotuliza hofu na hasira, huendelea kukomaa hata baada ya miaka ishirini. Kwa hiyo mtoto mchanga hawezi kujituliza. Hutulizwa kwa kubebwa, kubembelezwa na kuitikiwa na mtu yule yule, mara nyingi mno, hadi utulivu huo uwe wake. Akikosa mtu huyo, mwili wake huishi katika tahadhari, na mlango uliosukumwa na upepo humshtua kama kipigo. Kutolia kwake nako si ushujaa: mtoto huacha kulia pale kilio kinaposhindwa kumleta mtu.

Hata hilo la kufuata wageni linajulikana. Lilionekana kwa watoto waliokulia katika vituo vya yatima nchini Romania, ambako mwaka 2000 watafiti walianza kuwafuatilia watoto 136 jijini Bucharest, nusu yao wakipelekwa kwa familia za kuwalea. Waliopata familia walipiga hatua kuliko waliobaki vituoni, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza takriban miaka miwili. Wako amevuka umri huo, na ndiyo maana nasema uwe na subira ndefu; lakini utafiti huo haukuonyesha kwamba baada ya hapo mlango hufungwa.

Mwambie baba yake mkubwa kwamba sikatai urithi. Wepesi wa kuwaka au kupoa mtu huweza kuzaliwa nao. Ila kuficha dagaa hakurithiwi. Na bweni kwa mtoto huyu ni kambi nyingine tu, mbali na kwamba tangu mwaka 2023 serikali imezuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu.

Chakula usimpekue wala usimwaibishe. Mpe bakuli lake lenye mfuniko, liwe daima na karanga au kiazi, aweze kulifikia mwenyewe. Uficho utapungua atakapohakikisha kwamba haliishi. Wewe ndiye umwogeshe, umlaze na umpokee kila siku, badala ya kumgawa kwa majirani, hata wawe wema kiasi gani. Akivunja kitu, mkalie karibu mpaka pumzi yake itulie ndipo umseme, kwa kuwa fimbo humthibitishia tu kile alichokwisha kukiamini kuhusu watu wazima.

Huenda siku moja akajikwaa tu akalia sana, au akakung'ang'ania kanga usiende sokoni. Mumeo atasema umemdekeza. Mwaka 1954 mtafiti Mary Ainsworth aliwachunguza watoto wachanga wa vijiji vya karibu na Kampala, ng'ambo ya ziwa letu hili, akaona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake ndiye anayethubutu kutambaa mbali naye, kisha akarudi. Kung'ang'ania huko kutakuwa hatua ya mbele, na usikuvunje.

Kwanza mpeleke kliniki apimwe masikio na ukuaji. Akiwa anajiumiza, au baada ya miezi kadhaa bado halali, omba rufaa ya kitengo cha afya ya akili pale hospitali ya Bugando, na umwone pia afisa ustawi wa jamii ili malezi yako yatambuliwe kisheria, asije mtu kesho akamchukua.