Vita vya Wazungu, Mizigo Yetu: Majibu kwa Wasomaji

Tangu safu hii ilipogusia Vita vya Kwanza vya Dunia, maswali yameingia kutoka Tukuyu hadi Makambako. Nimeyachagua machache. Aliyeuliza jambo ambalo nimekwisha kulijibu zaidi ya mara moja asishangae jibu lake likiwa fupi.

Mtemi Mkwawa alipigana upande gani katika Vita vya Kwanza vya Dunia? (Mwanafunzi, Iringa)

Hakupigana upande wowote, kwa sababu alijiua kule Mlambalasi mwezi Julai 1898, miaka 16 kabla ya vita hivyo kuanza. Swali hili hunifikia kila muhula, na nyuma yake hufuata lile la kama Maji Maji ilikuwa sehemu ya vita hivyo hivyo. Haikuwa. Maji Maji ilianza 1905 na kuzimwa 1907.

Hata hivyo Mkwawa aliingia katika mkataba wa amani. Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 iliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu lake kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikageuka miaka mingi, na fuvu likarudi mwaka 1954, pale Gavana Edward Twining alipomkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa. Sasa limehifadhiwa Kalenga. Waingereza walikuwa na hesabu zao: kuwapendeza Wahehe na kumwaibisha Mjerumani kwa pigo moja. Na mkataba huo uliokumbuka fuvu la mtu mmoja haukuwakumbuka maelfu ya watu wetu waliokuwa wamekufa karibuni wakibeba mizigo ya majeshi yale yale.

Mrithi wa kiti cha enzi cha Austria, asiyetuhusu, aliuawa Sarajevo. Kwa nini vita vikafika Tukuyu? (Msomaji, Rungwe)

Vilifika kwa sababu Tukuyu wakati huo haikuwa yetu. Ilikuwa boma la Wajerumani, wakiiita Neu-Langenburg, na ng'ambo ya mto Songwe alikaa Mwingereza. Gavana Heinrich Schnee angependa koloni lake lisiguswe, lakini mkuu wa majeshi yake, Paul von Lettow-Vorbeck, alitaka kuwalazimisha Waingereza walete huku askari ambao wangehitajika Ulaya. Aliyeshinda katika mabishano hayo ni mwanajeshi.

Kwetu vita vilianzia Ziwa Nyasa. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, ikaishambulia na kuilemaza kabla nahodha wake hajapata habari kwamba nchi zao zinapigana. Mwezi uliofuata Wajerumani wakavuka Songwe kwenda kuishambulia Karonga, wakashindwa. Kisha mpaka ukatulia kwa kiasi hadi Mei 1916, Jenerali Edward Northey wa Waingereza alipoingia kutoka Nyasaland na Rhodesia Kaskazini, leo Malawi na Zambia. Tukuyu ilianguka kabla ya mwezi kwisha, wakapigana Malangali mwezi Julai, na mwishoni mwa Agosti akawa ndani ya Iringa.

Wengi huishia hapo, kana kwamba kuingia Iringa ndiko kulikomaliza mambo. Mwezi Oktoba kikosi cha Wajerumani chini ya Jenerali Wahle, kilichofukuzwa Tabora na Wabelgiji, kilishuka kusini na kupita katikati ya Waingereza kikipigana kuanzia viunga vya Iringa hadi Lupembe na Ilembula. Sasa mtazame mkulima wa Ubena au Uhehe mwaka huo. Mjerumani anayerudi nyuma amekwisha kuchukua nafaka, Mwingereza anayemfuata amechukua yake, na Wahle anapofika, kilichobaki ghalani ni mbegu ya kusubiri mvua za Novemba. Vijana wa kulima nao wamepelekwa kubeba mizigo.

Ni kweli kwamba Lettow-Vorbeck hakuwahi kushindwa? Mbona hatumuenzi? (Msomaji, Mbeya Mjini)

Ni kweli kwamba alisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kusimama Ulaya, akiwa bado na askari zaidi ya elfu moja. Sifa hii husemwa bila kuuliza aliwalishaje. Jeshi lisilo na ghala wala reli huishi kwa kula vijiji, na lake lilivila vijiji kuanzia Mahenge hadi Msumbiji, kisha likarudi kupitia Songea na Ubena mwaka 1918 na kuvila tena. Waingereza waliomfukuza hawakuwa na mikono safi zaidi. Njaa ilifuata, kisha mafua makali ya mwishoni mwa 1918 yakawakuta watu wamedhoofu. Anayetaka kumuenzi na amuenzi nyumbani kwake.

Nimeuziwa ramani ya mahali Wajerumani walipozika dhahabu karibu na kijiji chetu. Nianzie wapi kuchimba? (Msomaji, Njombe)

Usianze. Umetapeliwa, na barua za namna hii nimechoka kuzisoma. Mwaka 1916 Wajerumani walifua kule Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Uvumi wote wa masanduku umeota juu ya ukweli huo mdogo. Jeshi lililokimbia halikuwa na mali ya kuacha, lilikuwa likitafuta chumvi na viatu. Kuchimba mahali pa kale bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na mara nyingi kinachofukuliwa ni kaburi la mtu.

Babu wa baba yangu alichukuliwa kubeba mizigo "vita vya Wajerumani", hakurudi. Kaburi lake liko wapi? (Mwalimu mstaafu, Mufindi)

Shikamoo, Mwalimu. Swali lako ndilo lililonifanya niandike safu ya leo.

Njia zetu za wakati ule hazikupitika kwa magari wakati wa mvua, na mbung'o waliua punda na ng'ombe, kwa hiyo kila risasi ilisafiri kichwani mwa mtu. Mzigo ulikuwa kama kilo 25. Mpagazi naye alihitaji takriban kilo moja ya unga kwa siku, kwa hiyo aliyebeba chakula kwa safari ya siku 25 alikuwa amekimaliza mwenyewe kabla ya kumfikia askari. Ndiyo maana kwa kila bunduki moja mbele kulihitajika wapagazi wengi nyuma, na wengine wa kuwalisha wapagazi hao. Risasi haikuwa adui wao mkubwa. Waliuawa na kuhara damu, nimonia na malaria, wakila unga ambao haukuiva kwa sababu walifika kambini usiku, kuni zikiwa mbichi. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba waliokufa upande wa Waingereza pekee wanafika 90,000 au zaidi. Wajerumani hawakuacha hesabu ya kuaminika.

Kaburi lenye jina, Mwalimu, huenda halikuwahi kuwapo. Iringa mjini yapo makaburi ya vita yaliyotunzwa vizuri, na waliozikwa humo wana mawe yao. Wapagazi kwa kawaida walizikwa kando ya njia. Ilikuwa sera na haikuwa bahati mbaya. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Ule mnara wa askari wa Dar es Salaam wa mwaka 1927 unamwonyesha mtu mwenye bunduki peke yake. Wenzetu wa Nairobi angalau walimweka mpagazi pembeni.

Andika jina la babu, ukoo, kijiji na aliyekusimulia, ukiacha nakala kwa wajukuu na nyingine kwenye maktaba ya mkoa. Na akija mtu kukuomba ada ya "kufuatilia fidia ya wapagazi Ulaya", mfukuze.

Makaburi ya Wazungu yaliyopo Ifunda na Kidugala ni ya Wajerumani? (Mwanafunzi, Wanging'ombe)

Hapana, mwanangu, ni ya Wapolandi, na ni ya Vita vya Pili vya Dunia. Ni raia, wengi wao wanawake na watoto, waliopelekwa kwa nguvu ndani ya Urusi ya Kisovieti mwaka 1940 na 1941, wakatokea Iran, wakaletwa huku kuanzia 1942. Wakati huo huo vijana wa nyanda hizi walikuwa wakipelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma na KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, au wakikusanywa kwa amri kwenda mashamba ya mkonge, kwa kuwa Japani ilikuwa imeziteka nchi za Asia zilizokuwa zikitoa kamba. Ukienda kuyaona, pita kwanza kwa serikali ya kijiji, na usipande juu ya mawe kupiga picha.